Sare Nyeupe na Maji ya Pinki

Mke wangu ni dobi na mimi ni mpiga pasi wake. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiingia dukani kwetu na kuniona na kitambi changu nyuma ya meza, hudhani mimi ndiye mwenye duka, wakaanza kunieleza habari za madoa. Mimi madoa siyajui. Najua kola, najua pindo, najua suruali ikunjwe wapi ili mwenye nayo aonekane mrefu. Madoa muulize Mama Povu.

Jina hilo alipewa na wateja zamani, alipokuwa anafulia uani kwa beseni moja na kamba moja iliyofungwa kati ya nguzo na dirisha la choo. Siku hizi ana mashine mbili, moja nzima na nyingine ya kubembelezwa, ana kamba zinazozunguka ua mzima, na ana mimi. Akiulizwa kipi kati ya hivyo kinamsumbua zaidi, hujibu bila kupepesa macho kwamba mashine hata ile mbovu huwa hailali baada ya chakula cha mchana.

Ana mambo mawili ambayo huwezi kumtikisa. La kwanza, hasemi nguo ni ya nani wala imeingia na nini. Siku moja mke wa mtu alikuja amevimba kwa hasira, anataka kujua kama shati la mumewe lililetwa na rangi ya mdomo kwenye kola. Mama Povu alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Mama, hapa nguo zikishapita mlango huo zote ni za sabuni." Yule mama alikaa, akalia kidogo, akaondoka bila jibu, na wiki iliyofuata akatuletea mapazia yake yote.

La pili ni nguo nyeupe. Nyeupe zina kona yake, mabeseni yake na kamba yake. Mimi nikivaa fulana nyekundu siruhusiwi kupita upande ule hata kama nimebanwa. Tangu nimuoe hajawahi kumrudishia mtu nguo nyeupe ikiwa na rangi nyingine, na jambo hilo hulisema mara nyingi kuliko anavyosema ananipenda. Ndiyo maana hata Kamanda wa polisi alikuwa mteja wetu.

Kamanda alikuwa na sare nyeupe ya gwaride, koti na suruali, na alitaka irudi imenyooka hata inzi akitua ateleze. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye adabu nyingi na maneno machache. Hakuwahi kutukemea. Akiona mkunjo umekaa pembeni kidogo, aliugusa tu kwa kidole na kunitazama, nami nikawasha pasi upya.

Mwaka huo maji yalikuwa yanatoka bombani kwa hiari yake yenyewe. Unaweza kukaa siku nyingi hujasikia hata bomba likikohoa, halafu likaja alfajiri moja, watu wakatoka mbio na ndoo wakiwa bado na mashuka kiunoni. Dobi bila maji atafanya nini? Mama Povu, kama madobi wote wa mji wetu wakati ule, aliyatunza maji ya suuzo la mwisho. Maji hayo huwa safi, hayana sabuni wala uchafu. Aliyamimina kwenye pipa la bluu uani, na kesho yake akayatumia kuloweshea nguo nyingine. Alikuwa akichungulia lile pipa kila jioni kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

Ndipo watu wakaandamana. Walitoka mitaa yote na ndoo tupu, wanazipiga kwa vijiti, wanaimba. Mpaka wanafika makutano ya barabara kuu walikuwa wengi hata huoni lami. Pale walikuta polisi wamejipanga na ngao zao. Kilichotokea baada ya hapo, mpaka leo ukiuliza watu watano utapata hadithi sita. Kuna mawe yalirushwa, hilo ni kweli. Kuna virungu viliwaangukia watu waliokuwa wamekaa chini, hilo nalo ni kweli. Kipi kilianza, hapo ndipo watu hushikana mashati. Na gari kubwa la polisi likasogea, likafungua mdomo wake juu, likawamwagia watu maji ya pinki ili kila aliyekuwepo ajulikane.

Kwa hiyo watu walioandamana kudai maji walipewa maji, tena ya rangi. Dukani kwetu tulicheka hata tukashika mbavu. Mke wangu peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia picha kwenye simu ya mteja, jinsi lile gari lilivyokuwa linamwaga, na maji yanavyokimbilia mtaroni. "Maji yote hayo," alisema. "Jamani, maji yote hayo!"

Basi mjadala ukahamia kwetu. Mtu analeta shuka moja, anakaa mpaka mchana. Mkali kuliko wote alikuwa jirani yetu muuza viatu. Wakati wa vurugu ile, watu wasiojulikana walivunja kioo cha duka lake wakabeba viatu vyote vya dirishani. Sasa wewe unajua viatu vya dirishani huwekwa upande mmoja tu. Vyote vilikuwa vya kushoto. Bado nawaza hao wezi walipofika nyumbani wakaanza kujaribu. Sisi, ambao hatuna huruma, tukaanza kumwita Bwana Kushoto, na jina limemganda mpaka leo.

"Mnalaumu polisi," alisema Bwana Kushoto akigonga meza yangu ya pasi, "mlitaka wafanye nini? Wawapigie makofi?"

"Wangekamata wezi," nikasema.

"Wezi watawajuaje?"

"Si wale wanaochechemea?"

Alininunia siku mbili. Lakini alikuwa na hoja, na hakuwa peke yake. Redioni Kamanda aliulizwa kuhusu watu waliomwagiwa bila kuhusika, akajibu kwa sauti yake ile kavu, "Rangi haisemi uongo. Aliyepakwa alikuwepo kwenye fujo." Maneno hayo yaliwapendeza wengi. Watu wakaanza kuyasema sokoni na kwenye foleni za maji kama kiitikio. Ofisi nazo zikayashika, kila mfanyakazi aliyeonekana na rangi akaambiwa akae nyumbani mpaka polisi waseme hakuhusika.

Mmoja wao alikuwa shemeji yangu, mdogo wake Mama Povu.

Huyu shemeji ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mama Povu alimlea kwa mikono yake tangu mama yao alipofariki. Mabeseni yale ya mwanzo, ya uani, ndiyo yaliyomsomesha, na siku alipovaa sare yake ya kwanza dada mtu aliifua kabla haijachafuka, kwa furaha tu. Siku ya maandamano alikuwa ametoka zamu, amesimama kituo cha basi. Watu walipoanza kukimbia yeye hakukimbia. Alitufikia dukani akiwa pinki kuanzia shingoni mpaka kwenye viatu, nywele zinadondosha maji, na bado ameshika nauli mkononi.

"Kwa nini hukukimbia?" nikamuuliza.

"Shemeji, mimi nimevaa sare nyeupe, nimesimama kituoni, nangoja basi. Nikimbie nimefanya nini?"

Hospitali ikamwambia akae nyumbani. Mwanzoni alicheka, akasema atapata usingizi. Baadaye akaacha kucheka. Kuna mtoto wodini alikuwa hakubali kunywa dawa ila kwa mkono wake, na kila jioni alikuwa anapiga simu kuuliza kama amekunywa. Kisha fununu zikaja kwamba wale ambao polisi hawatawasafisha mpaka siku ya kikao cha wazi, nafasi zao zitapewa wengine.

Kikao hicho kiliitishwa na kamati ya watu waliochaguliwa kusikiliza pande zote kuhusu mwenendo wa polisi siku ile. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mdogo wa umbo anayevaa miwani mikubwa. Kila mwenye neno aliruhusiwa kusema, na shemeji alipanga kwenda kujieleza. Alitaka kwenda akiwa na sare yake, ikiwa safi. "Nisiende kama mtu aliyetoka kwenye fujo," alisema. "Dada, lile doa litatoka?"

Mimi ningemshauri asimuulize dada yake swali la namna hiyo. Mama Povu alikunja mikono ya gauni lake kama bondia. Alililowesha lile koti la sare kwa siki, akalihamishia kwenye chumvi, akalipaka sabuni ya kipande, akalisugua, akaongea nalo, akalitukana. Alilisuuza na kulisuuza tena. Maji yalitoka pinki, yakatoka pinki hafifu, mwisho yakatoka meupe. Alijaza glasi akaiinua juani nikaiona mwenyewe, maji maangavu ya kunywa. Koti nalo, likiwa bado bichi, lilikuwa jeupe kama siku lilipotoka kiwandani. Alinikumbatia na mapovu yake. Maji yale ya suuzo la mwisho, kwa kuwa yalikuwa safi, akayamimina kwenye pipa la bluu.

Asubuhi ya kikao kulikuwa na kazi moja kubwa, sare ya Kamanda. Alikuwa aivae mbele ya kamati. Mama Povu alikuwa ameilowesha jana yake, kwenye beseni lake, kwenye kona yake, kwa maji ya pipa. Aliing'oa vifungo vyake vya shaba kama kawaida, akaifua, akaianika. Nikaipokea mezani nyeupe pe, nikanyunyizia maji kidogo, nikaweka pasi mgongoni, nikasukuma.

Nyuma ya pasi kukabaki njia ya pinki.

Nilidhani ni macho. Nikasukuma tena, njia ikawa mbili. Kila mvuke ulipopanda, ile rangi ilikuja juu taratibu, kama mtu anayeona haya. Nikamwita mke wangu kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Alikuja, akatazama. Alikwenda kwenye kamba akaleta koti la mdogo wake, akaliweka mbele yangu. "Piga hili."

Nikapiga. Nalo likawa pinki, pinki ileile. Rangi haikuwa imetoka. Ilikuwa imelala, na moto wa pasi umeiamsha. Kilichokuwa kwenye koti la muuguzi kilikuwa kimesafiri kwenye pipa mpaka kwenye koti la Kamanda.

Mama Povu alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa. "Nimetia rangi kwenye nyeupe," alisema. Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine kabisa. Nani ataamini kwamba ni bahati mbaya? Dobi ana mdogo wake aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya rangi ya polisi, halafu sare ya Kamanda inageuka pinki asubuhi ya kikao! Shemeji alikuwa anakwenda kuwaambia watu kwamba yeye si mtu wa fujo, na sisi tumempikia kisasi ambacho hatukukipika.

"Tufunge duka," nikasema. "Tuseme tumeumwa. Wote wawili. Tumbo."

"Fungua mlango," alisema. "Nguo ni ya mtu."

Mtu huyo alikuja mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo dereva wake alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa amevaa magwanda ya kazi ya kila siku. Alilitazama koti mezani, akaligusa kwa kidole kilekile cha mikunjo. Mama Povu alimweleza yote, pipa, suuzo, pasi, bila kupunguza wala kutia chumvi.

"Yule muuguzi anayelalamika," alisema Kamanda. "Ni ndugu yako?"

"Mdogo wangu, afande. Tumbo moja."

"Na mimi niamini kwamba rangi imeruka yenyewe."

"Haikuruka, imepita kwenye maji. Amini utakavyoona, mimi nimekwambia ilivyokuwa. Na naomba radhi, kwa sababu kosa la nguo ni langu."

Aliifuata ile njia ya pinki kwa kidole mpaka kwenye kola. Nilikuwa nimeshika pasi kifuani bila kujua, bahati nzuri nilikuwa nimeizima. Mwisho akasema, "Iache hapa," akatoka. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwa kweli ulikuwa mjadala mtamu, wa watu waliokuwa na mengi ya kusema na wamekaa nayo. Fundi mmoja wa bomba alionyesha mkono wake ulio kwenye plasta, akauliza nani alitoa amri ya kuwapiga watu waliokaa. Mama wa askari kijana alisimama akasema mwanawe amepoteza meno mawili kwa jiwe, na hakuna aliyeandamana kwa ajili ya meno yake. Yule fundi wa bomba akampisha kiti. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini askari hawakuwa na namba kwenye kofia, ili naye akipigwa ajue wa kumshukuru. Watu wakavunjika mbavu. Bwana Kushoto alieleza habari za viatu vyake kwa uchungu, na mwenyekiti, jaji mzima, ilibidi avue miwani aifute ili asionekane anacheka.

Kamanda alisema yake. Alieleza jinsi askari wake walivyosimama juani bila maji, mawe yalivyoanza, gari lilivyoitwa. Alijibu lile la namba, akakubali ni kosa, zitawekwa. Nilianza kumpenda tena. Kisha akafika kwenye rangi, akasema yaleyale ya redioni, ingawa safari hii aliyasema haraka haraka, akatazama meza.

Shemeji alisimama akajieleza vizuri, kwa utulivu, akiwa na gauni la kawaida. Mwanasheria wa polisi, kijana mwenye suti iliyopigwa pasi vibaya sana begani, alimsikiliza akitabasamu. "Dada, hata wewe ungekuwa kwenye fujo ungesema ulikuwa unangoja basi. Una ushahidi gani kwamba rangi inaweza kumpata mtu asiyehusika?"

Nikasikia kiti kinasogea pembeni yangu.

Mke wangu si mtu wa kusema mbele za watu. Hata kwenye harusi yetu alinisukuma mimi nikashukuru wageni. Sasa alisimama na mkoba wake umebanwa kwapani, akasema kwa sauti iliyotetemeka mwanzo tu, "Mimi ni dobi. Wengi hapa mnanijua, nguo zenu nazijua. Jana nimetia rangi kwenye nguo nyeupe ya mteja."

Mnaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Mimi nilijua alichokuwa anafanya. Alikuwa anasimama mbele ya wateja wake wote, na mbele ya madobi wengine wawili niliowaona mstari wa nyuma, na kuwaambia kwamba Mama Povu ameharibu nyeupe. Alieleza pipa, suuzo, na jinsi pasi ilivyoamsha rangi. "Nguo hiyo haijawahi kukanyaga makutano," alimaliza. "Ilikuwa kabatini. Leo ni pinki kuliko ya mdogo wangu. Basi kama rangi inasema, imesema uongo dukani kwangu."

Ukumbi ulivuma. Mwanasheria akainua mkono. "Nguo hiyo ni ya nani?"

"Ni ya mteja."

"Mteja gani? Ana jina? Aje atuambie alikuwa wapi siku ile."

"Mimi sitaji."

"Basi hadithi yako haina mwenyewe, mama. Na wewe ni dada wa mlalamikaji. Tuandike nini?"

Nilimvuta gauni. "Mtaje," nikamnong'oneza. "Yupo pale mbele! Mtaje, mdogo wako arudi kazini."

Aliinama, akaninong'oneza kwa hasira, "Nikimtaja leo, kesho nitamtaja nani?" Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alimtazama mdogo wake, akatazama mlango, akatazama tena mdogo wake. Aliyemlea kwa beseni alikuwa pale mbele amesimama bila kazi, na jina moja tu lingemrudishia. Shemeji naye alijua ni nguo ya nani, nilimwambia mwenyewe asubuhi kwa woga wangu. Alitikisa kichwa kidogo kumwambia dada yake, usiseme.

"Sitaji," alirudia Mama Povu, akakaa.

Mwanasheria alikuwa amekwisha kufungua kinywa kuendelea, Kamanda aliposimama. Alisimama kama anavyosimama siku zote, wima, isipokuwa masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Mwenyekiti," alisema, "nguo ni yangu."

Jaji alishusha miwani mpaka kwenye ncha ya pua. "Nguo ipi, Kamanda?"

"Sare yangu ya gwaride. Ndiyo niliyokuwa niivae sasa hivi. Ilikuwa kabatini kwangu, na siku ya maandamano hakuna aliyeivaa. Asubuhi nimeikuta pinki."

"Akamatwe!" Bwana Kushoto alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega, askari waliokuwa mlangoni walicheka wakiwa wameangalia chini, hata mama wa yule askari kijana alijifunika khanga usoni. Kamanda alingoja. Hakucheka, ila hakukaa.

"La mawe siliondoi," alisema kulipotulia. "Askari wangu waliumizwa, na walioumiza nitawatafuta. La virungu litachunguzwa, nimeahidi. Lakini la rangi naliondoa. Asiadhibiwe mtu kwa sababu ya rangi tu."

"Hilo tunaliandika," alisema jaji. "Na tunaongeza lingine, Kamanda, ili lisisahaulike. Kutembea barabarani na ndoo unadai maji nako si fujo, hata kama mtu amelowa pinki mpaka kwenye soksi."

Kamanda alifikiri kidogo. "Ndiyo, mwenyekiti," akasema, na hapo ndipo alipokaa.

Shemeji alirudi wodini wiki hiyohiyo. Yule mtoto wa dawa alikuwa amekwisha kupona na kwenda nyumbani, kwa hiyo akalia, eti hakumuaga. Hao ndio ndugu wa mke wangu, hawakosi sababu.

Dukani nilitegemea wateja wapungue. Wakaongezeka! Watu walikuja na nguo zao na kusema, "Nasikia hapa hata ukipigwa bomu hamsemi." Wale madobi wawili wa mstari wa nyuma nao walikuja, wakavuta viti, wakakiri kwamba kila mmoja alikuwa na mashuka ya pinki yamefichwa chumbani na alidhani yamemtokea yeye peke yake. Walikaa uani na Mama Povu mchana kutwa wakicheka na kulaani mapipa yao. Bwana Kushoto alileta shati lake la kanisani, akaniambia bado anaona polisi walifanya sawa. Nikamwambia bado namtafuta anayechechemea. Maji bombani yanakuja kwa hiari yake kama zamani, ingawa hiari yenyewe imeongezeka kidogo.

Zile nguo mbili Mama Povu hakuziachia. Alizifua pamoja, maana alisema ugonjwa ni mmoja, tena na tena, na kila nilipozipiga pasi rangi ilikuja juu, safari hii hafifu zaidi. Mwisho ilibaki pinki nyepesi ambayo ukiangalia haraka unadhani ni jua la jioni. Hapo ikagoma, na mke wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakubali kushindwa na doa.

Kamanda alikuja mwenyewe kuchukua yake. Sikuwa nimeitoa kambani, nikampeleka uani. Makoti yote mawili yalikuwa yananing'inia pamoja yakiwa yamegeuzwa nje ndani, mikono imekunjwa kwa juu, la kwake bado halijarudishiwa vifungo. Alisimama mbele yake mikono nyuma kama anakagua gwaride. Alitazama moja, akatazama jingine, akasogea karibu, akarudi nyuma hatua.

"Mama," akauliza, "ipi ni yangu?"

Mke wangu alikuwa ameuma vibanio mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja, akamtazama, akatazama kamba.

"Yenye mikono mirefu, afande."